Tuzo za Wale Wawili

Habona akinipigia simu siku hizi hasemi kitu, anapumua tu. Nami hujua ni yeye hata kabla ya kutazama jina, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani anayenipigia simu ili nimsikilize akipumua. Tangu walipomtoa uvimbe kooni kule Mombasa sauti yake haikurudi. Ilibaki pumzi yenye maneno ndani yake, na maneno hayo ukitaka kuyasikia lazima mkae goti kwa goti. Kwenye simu hayafiki. Basi mimi huongea, yeye hupumua, na nikisema upuuzi pumzi inakatikakatika, najua anacheka. Asubuhi moja hivi karibuni alipumua kidogo tu, akakata, halafu ikaingia video. Nilikuwa nimekaa nje ya nyumba yangu hapa Kulesa napepeta mchele. Nikafuta vidole kwenye leso, nikafungua simu, na hapo nikawaona Wale Wawili.

Sikuwatambua mara moja. Wanawake wawili wa makamo, Warusi, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wamenenepa kidogo kama tulivyonenepa sisi, wamesimama jukwaani chini ya taa za buluu. Walikuwa wanapewa tuzo ya heshima kwa miaka yao yote ya muziki. Mtu mwenye suti akawakabidhi kitu cha kioo, yule mrefu akakipokea, yule mfupi akapiga makofi. Chini ya video Habona alikuwa ameandika: "Tazama mikono yake." Nikaitazama mikono ya yule mfupi. Makofi yalipokwisha mikono haikuwa na pa kwenda. Ikapanda, ikashuka, mwishowe ikashika mkanda wa gauni. Miaka yote hii, nikasema, na bado hawajajifunza. Nikacheka peke yangu na ungo mapajani, kisha machozi yakanitoka, na wala sikuwa na habari mbaya yoyote siku hiyo.

Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao kila nikiukumbuka naukumbuka umejaa mvuke. Nilikuwa nimemaliza shule, nangoja matokeo, na kungoja kwangu nilikungojea Garsen, jikoni kwa Bi Zuhura, mwanamke wa Kipini aliyekuwa na hoteli karibu na stendi. Mwaka huo mto ulipanda, ukatoka kitandani mwake, ukaenda kutembea mashambani. Barabara ya Lamu ikakatika. Mabasi yakawa yanafika Garsen na kusimama hapo, abiria wanashuka, wanatazama maji, wanarudi kukaa kwa Bi Zuhura. Hoteli ilikuwa chumba kirefu, kuta za kijani hadi kifuani na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, meza zina vitambaa vya plastiki vyenye picha za matunda ambayo hakuna mtu Garsen aliyewahi kuyala. Juu ya mlango wa jikoni, ndani ya kizimba cha seng'enge, kulikuwa na televisheni. Ilikuwa ikiwashwa alfajiri na kuzimwa watu walipokwisha. Mvuke wa chai ulipanda, ukagonga kioo chake, na picha zote tulizoziona mwaka huo tuliziona kama zinatoka kwenye ukungu.

Chai yenyewe ilikuwa na ladha ya moshi, kwa sababu maziwa yalikuja kwenye vibuyu vilivyofukizwa kwa makaa, na aliyeyaleta ni Habona. Wageni kutoka bara walikuwa wakikunja uso kwa kikombe cha kwanza, na kuulizia kama kuna kingine. Nilimjua Habona kabla ya hapo. Yeye ni Muorma, watu wake walikuwa na ng'ombe upande wa pili wa mto, na mara nyingi nikiwa nyumbani Kulesa nilimsikia akiita avushwe. Kwetu hapa mtu akisimama ukingo wa pili akaita, hapelekewi mtumbwi hivihivi. Yeyote aliye upande huu anamuuliza kwanza, "Nani yuko ng'ambo?" Naye sharti ajibu mwenyewe, kwa sauti yake, ili ajulikane. Wengine walijibu kwa jina la baba, wengine kwa ukoo. Habona alijibu, "Ni mimi, nivushe." Hakuongeza jina wala ukoo. Alikuwa na sauti ambayo ilivuka maji yote yale ikafika kavu, na mwenye mtumbwi alikuwa akiinuka kabla hajamaliza.

Siku Wale Wawili walipotokea mara ya kwanza kwenye kile kizimba, Habona alikuwa ameshika kibuyu, anamimina. Akaacha kumimina. Wasichana wawili walikuwa wanaimba kwenye theluji, pumzi zao zinaonekana, na sauti zao zilikuwa zinatembea pamoja bila kukanyagana, moja juu, moja chini. Abiria mmoja akasema hao ni Warusi. Mwingine, mfanyabiashara wa nguo aliyekwama siku kadhaa na aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu, akasema wana baridi hadi machoni. Habona akanigeukia. Kiswahili chake cha wakati huo kilikuwa cha kuokoteza, na bado nakipenda kuliko hiki fasaha alichokuja nacho baadaye.

"Hiyo Urusi iko juu ya mto ama chini?"

"Mto gani?"

"Mto yao."

Nikasema juu. Ndivyo ramani yetu ilivyoanza. Tangu siku ile kila habari ya Wale Wawili tuliipanga kwa miji ya mto wetu, kutoka juu kwenda chini. Idhaa ya muziki kwenye televisheni ile ilikuwa na msichana aliyesoma habari kwa Kiingereza kati ya nyimbo, nami nikawa mkalimani, mikono kwenye karai la vyombo, shingo nimeikunja kutazama juu. Wamepewa tuzo ya wimbo bora kwao Urusi. Hiyo Habona aliiweka mahali pa Hola. Wametajwa kundi bora la mwaka huko Polandi, akaiweka Wenje. Ujerumani wamepewa sahani ya dhahabu kwa sababu nyimbo zimenunuliwa sana. Hapo tukafika Garsen yenyewe. Habari ya Japani ilipokuja, kwamba hata huko wametuzwa kama kundi bora la kigeni, Habona alikaa chini juu ya gunia la viazi. Japani aliiweka Ozi, pale mto unapokwisha. "Imefika bahari," akasema. Tulikuwa tunazitaja tuzo hizo tukiosha masufuria, kutoka juu kwenda chini, na tukimaliza tunaanza tena Hola. Leo nikipita njia ile kwa pikipiki, nikifika Wenje bado moyo wangu husema Polandi.

Kisha ikaja siku tuliyoonyeshwa sherehe yenyewe. Mpaka hapo tulisikia tu kwamba wamepewa. Hatukuwahi kuona kupewa kunavyokuwa. Ilikuwa adhuhuri, hoteli imejaa, kuna wali na mchuzi wa kambare, na Bi Zuhura mwenyewe alitoka jikoni na mwiko wake kuja kutazama. Tukaona ukumbi mkubwa, watu wamevaa rasmi, wamekaa kimya kwa mistari. Likasomwa jina. Wale Wawili wakainuka kutoka kwenye viti, wakapanda ngazi, mrefu akapewa sanamu ndogo, akasema maneno kidogo, wakashuka. Basi.

"Hawajaimba," Bi Zuhura akasema.

Nikamweleza kwamba wimbo waliimba zamani, hii ni tuzo ya wimbo ule.

"Mwanangu, huko ni kulipwa. Mwimbaji hatuzwi amenyamaza." Akaelekeza mwiko kwenye televisheni. "Kwetu Kipini mwanamke akiimba arusini akakukuna roho, unainuka wewe uliyekunwa, unamfuata, unamvika leso begani sauti ikiwa ingali inatoka. Akimaliza umechelewa. Sasa hawa wanaitwa majina kama wagonjwa hospitalini, wanapewa kitu, mdomo umefungwa. Mtu kama huyo mikono yake ataiweka wapi?"

Na kweli, pale kwenye ukungu wa chai, yule mfupi alikuwa akisugua viganja kwenye sketi. Watu wakacheka, wakarudi kwenye kambare wao. Habona hakucheka. Alikuja nyuma yangu hadi stoo, mahali tulipokuwa tunaimba kwa sababu madebe matupu yalirudisha sauti vizuri, akasimama mlangoni.

"Wao ni wawili," akasema. "Kitu ni moja. Na ile ya pili?"

"Wataiweka nyumbani, zamu kwa zamu."

"Nyumba ya nani?"

Sasa niseme kwa nini lilimuuma. Katika stoo ile tulikuwa tumeshatunga wimbo. Haukuwa mkubwa. Mimi niliuliza kwa sauti ya chini, "Nani yuko ng'ambo?" yeye akajibu kwa sauti ya juu, "Ni mimi, nivushe," na kila nilipouliza tena yeye alijibu kwa namna nyingine: mara amebeba maziwa, mara amebeba mvua, mara hana kitu ila yeye mwenyewe. Tuliuimba tukimenya viazi, abiria wakawa wanauitisha kama wanavyoitisha chai. Mwalimu wangu wa zamani alikwama na wengine, akausikia, akaandikisha majina yetu kwenye mashindano ya nyimbo yatakayofanyika Hola mara tu barabara ya juu itakapopitika. Mimi nilifurahi mpaka nikaunguza mahamri. Kesho yake Habona alipoleta maziwa akaniambia lililomkaa.

"Hola wewe napewa. Wewe iko shule, wewe naongea na wakubwa. Mimi nasimama kando nafanya hivi." Akasugua viganja kwenye nguo yake, sawasawa na yule mfupi.

Nilimwambia haiwezi kuwa hivyo. Lakini nilijua inaweza. Nilikuwa nimeona namna watu wa ofisini walivyopita kwa Bi Zuhura, wakanisalimia mimi kwa jina na kumuuliza yeye bei ya maziwa. Na wimbo ule, wallahi, ulikuwa wake. Mimi nilikuwa swali tu. Mtu yeyote anaweza kuuliza nani yuko ng'ambo. Aliyevuka ndiye mwenye habari.

Tulikwenda Hola na Bi Zuhura, ambaye alifunga hoteli kwa mara ya kwanza tangu nimjue na kukaa kati yetu safari nzima, kikapu cha mikate ya mofa mapajani. Yaliyopita kabla ya zamu yetu siyakumbuki sana. Nakumbuka madirisha ya ukumbi wa shule yaliyokosa vioo, njiwa juu ya mihimili, na harufu ya sare mpya. Tuliimba. Habona alipojibu mara ya kwanza njiwa walinyanyuka. Baada ya wengine wote kuimba tukaitwa, na bwana mmoja mkubwa wa wilaya alikuwa amesimama mbele ameshika kikombe cha shaba chenye masikio mawili.

Hatukuwa tumepanga lolote. Ni kwamba tulipoanza kutembea kuelekea kwa yule bwana, nilimwona Habona ameanza kushusha mikono kwenye nguo, na maneno ya Bi Zuhura yakanijia, kwamba hatuzwi mtu amenyamaza. Nikauliza, "Nani yuko ng'ambo?" Katikati ya ukumbi, wakati usio wake. Habona alinitazama kidogo. Kisha akajibu, na alipojibu mikono ikajua kazi yake, ikafunguka. Yule bwana akadhani hatujaelewa. Akatabasamu, akatuashiria tunyamaze, akainua kikombe tukione. Tukaendelea. Walimu wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Hawa wa Garsen wamefikiri zamu yao ni sasa." Habona angeacha hata kidogo ningeacha na mimi. Hakuacha. Akafika kwenye ule mstari ambao hana kitu ila yeye mwenyewe, akaushika mrefu, na hapo nikasikia kitu kizito kimetua mabegani. Bi Zuhura alikuwa amekuja kutoka nyuma na doti ya leso mpya, haijakatwa bado, akatuvika wote wawili kwa pamoja, nguo moja, kipande kimoja kwa Habona na kimoja kwangu. Mwanamke mwingine akainuka na pesa, akambandika Habona kwenye paji la uso. Halafu wengine. Yule bwana naye akafuata mkondo. Akakileta kikombe chini ya ile leso sisi tukiwa bado tunaimba, Habona akashika sikio moja na mimi moja.

Sikumbuki nani alikirudisha Garsen. Kilikaa kwa Bi Zuhura, juu ya kabati, ndani yake vijiko. Doti aliikata mwenyewe jioni ile ile, akaanzisha kwa meno na kumalizia kwa mikono, na kipande changu kilibeba watoto wangu wote mpaka kikawa dekio. Mwaka ukaisha. Maji yakarudi mtoni, mabasi yakapita bila kusimama sana, watu wa Habona wakahama na ng'ombe, akaolewa, nami nikaolewa. Wale Wawili tukasikia wameachana, kila mmoja anaimba peke yake, na habari hiyo tuliipokea kila mtu nyumbani kwake na iliniuma kuliko nilivyotarajia. Habona aliendelea kuimba arusini, pande zote za mto, mpaka koo lilipomkataa. Bi Zuhura hakuuona huo ugonjwa, na nashukuru.

Sasa, ile video haikuja bure. Wiki hiyo kaunti ilikuwa imetuma ujumbe kwamba itawaheshimu waimbaji wa zamani wa Delta, yaani huku kwetu mtoni, na majina yetu yalikuwemo, yote mawili. Nikaenda kwake Garsen. Alikuwa amepika chai ile ile ya moshi. Tukakaa goti kwa goti.

"Siendi," akasema kwa ile pumzi yake.

"Jina lako limeandikwa. La kwanza, kabla ya langu."

"Nimesema siendi, Yuni. Nitapokeaje? Mdomo umefungwa? Kama mfupi?"

"Nitakuwa nawe."

"Wewe utakuwa unaimba."

Nikasema basi na mimi sitaimba, tutanyamaza wote. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu tulipokuwa wasichana. Aliweka kikombe chini, akanivuta sikio karibu na mdomo wake. Alisema yeye amekuwa mwimbaji maisha yake yote, na hataki watoto wa Garsen wamwone mara ya kwanza akiwa mwanamke aliyesimama kando. Nililia njia yote kurudi Kulesa, kilio cha hasira, kwa sababu alikuwa na haki na sikuwa na la kufanya.

Lakini alikuja. Nilimwona ukumbini, safu ya nyuma kabisa karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki, amejitanda vizuri. Mshereheshaji alikuwa kijana wa stendi mwenye maneno mengi. "Wasee, hawa ndio malejendi wa Delta," akasema, akasoma jina la Habona, akasoma langu. Makofi yakapigwa. Mgeni rasmi akasimama na kitu cha kioo, kimoja, majina mawili. Nikatembea peke yangu hadi mbele. Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, akatikisa kichwa.

Mgeni rasmi akaninyooshea kile kioo. Nikaweka mikono nyuma. Akaninyooshea tena, akidhani sikukiona. Nami nikafungua mdomo, kwa sauti hii iliyozeeka kwa kukaripia kwaya ya kina mama, nikauliza.

"Nani yuko ng'ambo?"

Nikanyamaza kumpisha. Zamu ile ni yake, na mimi sijawahi kuiimba, wala sikuiimba. Ukumbi ukangoja. Feni ilizunguka juu. Kijana wa maneno mengi akataka kusema kitu, mama mmoja wa mbele akamshika shati. Nikauliza tena. Nikanyamaza tena, kadiri ile ile aliyokuwa akijibu. Hakukuwa na kitu, kimya tu chenye umbo la sauti yake, na waliokuwa wamemsikia arusini kwao wakakitambua. Niliwaona wakiinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine. Nikauliza mara nyingine, na sasa nilikuwa nalia wazi, sijali.

Kiti kikasogea kule nyuma. Habona alisimama, akaja katikati ya viti, midomo yake inatembea. Sauti haikutoka, hata mimi niliyemjua sikusikia neno. Lakini niliijua mistari kwa midomo: amebeba maziwa, amebeba mvua. Mwanamke wa pembeni akafungua leso aliyojifunga, akainuka kumfuata. Habona alipofika kwenye ule mstari ambao hana kitu ila yeye mwenyewe, akaushika mrefu kama zamani, shingo imesimama, leso ikamtua mabegani, na mikono yake ikafunguka yenyewe. Mgeni rasmi hakungoja aambiwe, akamnyooshea kile kioo. Habona alikipokea akiimba.